Soya Hupunguza Lehemu, Lakini kwa Kiasi Gani?



Leo ninakuomba tukitazame kwa makini kitenzi kimoja ambacho bila shaka unakifahamu: hupunguza. Umekisikia mara nyingi ndani ya basi, kabla dereva hajawasha injini. Mchuuzi hupanda, husimama katikati ya viti, huinua mfuko wa unga, kisha hutangaza: "Soya hupunguza lehemu! Soya husafisha mishipa! Soya hulinda moyo!" Kisarufi hana kosa. Kiambishi hu- cha mazoea amekiweka mahali pake, na kila kitenzi kimepata yambwa yake. Hata hivyo, kumbuka tulichojifunza darasani kuhusu kiambishi hiki: hakibebi nafsi wala wakati. Hakituambii ni nani aliyepunguziwa lehemu, lini, kwa kula soya kiasi gani, wala ilishuka kutoka wapi hadi wapi. Ni kiambishi chenye starehe kubwa kwa mtu anayeuza.

Msimamo wangu ni huu. Soya ni chakula bora, na ni kweli kwamba hupunguza lehemu katika damu. Ila huipunguza kidogo, tena kwa masharti, na yeyote anayelificha neno "kidogo" anamnyima mwananchi uwezo wa kuamua juu ya mwili wake na fedha zake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Soya, kwa bahati mbaya, ni kizuri kinachotembezwa.

Tuanze na neno lenyewe. Ukifungua kamusi, utaona kwamba lehemu ni ile madini laini ambayo fundi wa redio huiyeyusha ili kuunganisha waya. Waandishi wa afya wamelichukua neno hilohilo kutaja kolesteroli, na sasa limezoeleka magazetini na redioni. Mimi hulipenda, maana linachora picha ya kitu kinachogandamana na ukuta wa mshipa. Lakini picha hiyo hiyo inaweza kutupotosha, kwa sababu hutufanya tuidhani lehemu kuwa uchafu ulioingia mwilini kutoka nje, unaopaswa kusuguliwa ukatoka. Sivyo. Sehemu kubwa ya lehemu iliyomo mwilini mwako imetengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini. Unaihitaji katika kuta za seli, katika homoni, na katika nyongo inayosaga mafuta ya chakula. Kwa hiyo mtu anayekuahidi "kuiondoa lehemu yote" anakuahidi jambo ambalo, lau lingewezekana, lingekuua.

Kinachowasumbua madaktari ni wingi wa lehemu inayosafiri ndani ya vifurushi vinavyoitwa LDL. Lehemu haiyeyuki katika maji, hivyo damu huibeba ikiwa imefungwa ndani ya vifurushi vya mafuta na protini. Vifurushi vya LDL vikizidi kwa miaka mingi, lehemu yake hujipenyeza katika kuta za mishipa, na njia ya damu huanza kuwa nyembamba. Ini ndilo lenye kazi ya kuvinasa vifurushi hivyo kutoka kwenye damu, kwa kutumia vipokezi vilivyo juu ya seli zake. Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kugundua jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Kishike kipengele hicho cha vipokezi, kwa kuwa karibu kila njia ya kushusha LDL, iwe ya chakula au ya dawa, hupitia kwa namna moja au nyingine katika kulishawishi ini livinase vifurushi vingi zaidi.

Sasa tuifungue punje ya soya. Katika kila gramu 100 za soya kavu mna takribani gramu 36 za protini na gramu 20 za mafuta. Lehemu yenyewe haimo, kama ilivyo katika mimea mingine. Pamoja na hayo mna nyuzinyuzi, mna steroli za mimea, mna isoflavoni ambazo umbo lake hufanana kidogo na homoni ya kike, na mna saponini, ambazo ndizo huleta lile povu unaloliona sufuria ya soya inapoanza kuchemka. Kila kimojawapo kimewahi kusifiwa kuwa ndicho siri ya soya.

Steroli za mimea zina kisa kizuri. Kwa umbo ni kama ndugu wa lehemu. Tofauti yao ni ndogo mno. Utumboni, lehemu haiwezi kufyonzwa mpaka ipate nafasi ndani ya matone madogo ya nyongo, na steroli za mimea hugombea nafasi hiyohiyo, mfano wa abiria wawili wanaogombea kiti kimoja cha matatu. Steroli ikikaa, lehemu hubaki nje na hutoka na kinyesi. Mwaka 1951 mtafiti D. W. Peterson wa California aliwalisha vifaranga chakula chenye lehemu, akawaongezea steroli za soya, na akaona kwamba lehemu katika damu yao haikupanda kama ilivyotarajiwa. Baadaye jambo hilo lilithibitishwa kwa binadamu mara nyingi. Leo hakuna ubishi mkubwa juu yake: mtu akipata takribani gramu 2 za steroli za mimea kwa siku, LDL yake hushuka kwa kadiri ya asilimia 7 hadi 10.

Je, mchuuzi ana haki basi? Tupige hesabu. Gramu 100 za mafuta ya soya zina takribani theluthi moja ya gramu ya steroli, mara nyingi pungufu ya hapo. Ili upate gramu 2 ungelazimika kunywa zaidi ya nusu lita ya mafuta kila siku. Ndiyo maana viwanda vya Ulaya na Marekani huzikamua steroli hizo na kuzitia kwa wingi ndani ya siagi ya mimea. Kiambata ni cha asili, kimetoka katika soya kweli, lakini kipimo kinachofanya kazi hakimo katika kikombe cha uji.

Isoflavoni nazo zilitukuzwa sana, hata zikauzwa kama vidonge. Ushahidi haukuzisaidia. Chama cha Moyo cha Marekani kilipopitia tafiti zilizokuwapo hadi mwaka 2006, kilihitimisha kwamba isoflavoni zikitumiwa peke yake hazishushi LDL. Sina la kuongeza juu yake.

Tunabaki na protini, na hapa ndipo penye historia ya kusisimua. Mwaka 1977, huko Milano nchini Italia, Cesare Sirtori na wenzake waliwapa wagonjwa wenye lehemu nyingi mno chakula ambacho protini ya nyama na maziwa ilikuwa imeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na protini ya soya. Lehemu ya wagonjwa ilishuka kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1995 James Anderson na wenzake walikusanya majaribio 38 na kuyachambua kwa pamoja: LDL ilikuwa imeshuka kwa wastani wa asilimia 12.9. Kwa matokeo ya namna hiyo, haikushangaza kwamba mwaka 1999 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaruhusu wenye viwanda kuandika juu ya pakiti zao kwamba gramu 25 za protini ya soya kwa siku, zikiliwa pamoja na chakula chenye mafuta machache ya kugandamana, huenda zikapunguza hatari ya maradhi ya moyo.

Tafadhali soma tena maneno hayo kama unavyosoma ufahamu katika mtihani. Kuna kiasi: gramu 25. Kuna sharti: pamoja na chakula cha aina fulani. Kuna "huenda". Maneno yote matatu hayakuwahi kupanda basi.

Kisha tafiti ziliendelea, zikawa kubwa zaidi na makini zaidi, na ile asilimia 12.9 ikaanza kuyeyuka. Chama cha Moyo cha Marekani, katika mapitio yale ya 2006, kilikadiria kwamba takribani gramu 50 za protini ya soya kwa siku hushusha LDL kwa asilimia 3 hivi. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikataa kuyaidhinisha madai ya aina hiyo, ikisema uhusiano wa sababu na matokeo haukuthibitishwa. Mwaka 2017 FDA yenyewe ikapendekeza hadharani kuifuta ruhusa yake ya 1999. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuchukua hatua ya namna hiyo. Mwaka 2019 watafiti wa Toronto, Kanada, wakayapitia majaribio 46 yaleyale ambayo FDA ilikuwa imeyataja, nao wakakuta LDL ikishuka kwa asilimia 3 hadi 4.

Usiharakishe kusema kwamba wataalamu hawa ni vigeugeu. Tangu 2006 hadi 2019 namba haikubadilika sana: ni asilimia 3, labda 4. Walichobishania ni kama kiasi hicho kinastahili kuandikwa juu ya pakiti. Nami ninaiheshimu taasisi ambayo baada ya miaka 18 inasimama mbele ya umma na kusema kwamba maneno iliyoyaidhinisha yanapaswa kupimwa upya. Natamani tungeona hayo mara nyingi zaidi katika ofisi za umma za kanda yetu.

Lakini asilimia 3 au 4 ni nini kwa mtu mwenye mwili? Chukua mtu ambaye LDL yake ni miligramu 160 kwa kila desilita ya damu. Akila protini ya soya kwa kipimo kilichojaribiwa, atashuka hadi 154 au 155. Vidonge vya statini, ambavyo madaktari huwaandikia wenye hatari kubwa, hushusha LDL kwa asilimia 30 hadi 50 kulingana na aina na kipimo. Mtu yuleyule angefika kati ya 80 na 112. Na kipimo kilichojaribiwa chenyewe si mchezo. Gramu 25 za protini ni takribani gramu 70 za soya kavu. Kijiko kikubwa kilichojaa unga hubeba gramu 10 hivi, kwa hiyo unahitaji vijiko saba, kila siku, bila kuruka. Kwa gramu 50, vijiko kumi na vinne. Uji huo ungesimama wenyewe nje ya kikombe.

Pengine unajiuliza kwa nini wagonjwa wa Milano walifaidika kuliko wengine. Sehemu ya jibu ni kwamba walianza na lehemu nyingi kupita kiasi, na Anderson pia aliona kwamba wenye lehemu nyingi ndio walioshuka zaidi. Sehemu nyingine, ambayo kwangu ndiyo muhimu kuliko zote, imo katika neno "badala". Hawakuongeza soya juu ya nyama. Waliiweka soya mahali pa nyama. Mafuta ya kugandamana, yale ya nyama nono, siagi, na kwa kiasi kikubwa mafuta ya mawese, huzuia ini lisivinase vifurushi vya LDL. Mafuta ya soya yana mafuta ya kugandamana kiasi cha asilimia 15 tu, ilhali ya mawese yana karibu nusu. Anayekaanga kwa mafuta ya soya badala ya mawese, na kula soya badala ya mchuzi wa nyama nono mara kadhaa kwa wiki, anapata faida mbili: ile ndogo ya soya yenyewe, na ile ya kile alichokiacha. Anayekunywa uji wa soya asubuhi kisha jioni akaendelea na nyama choma yake kama kawaida, anapata uji.

Jambo hili lilipimwa vizuri na David Jenkins wa Chuo Kikuu cha Toronto. Mwaka 2003 alichapisha jaribio la watu 46 wenye lehemu nyingi. Kundi moja lilikula mlo uliounganisha protini ya soya, steroli za mimea, lozi, na vyakula vyenye nyuzinyuzi za kuteleza, miongoni mwao shayiri na mboga mbili unazozijua kutoka shambani kwenu: bamia na biringanya. Kwa mwezi mmoja LDL yao ilishuka kwa asilimia 28.6, karibu sawa na kundi lililopewa statini, ambalo lilishuka kwa asilimia 30.9. Watu hao walikuwa wakiletewa chakula chao chote. Mwaka 2011, jaribio kubwa la miezi sita ambamo watu walinunua na kupika wenyewe wakipewa ushauri tu lilionyesha mshuko wa asilimia 13 hadi 14. Nusu ya faida ilipotelea njiani, baina ya ushauri na sufuria. Hata hivyo, asilimia 13 ni kitu. Tazama tu kwamba haikuletwa na mfuko wa unga uliosimama peke yake.

Kwa nini nalitilia mkazo jambo hili hadi kukuchosha kwa hesabu? Kwa sababu lehemu nyingi haina dalili. Haiumi, haiwashi, haichoshi. Mchuuzi akikuorodheshea ganzi ya vidole na uzito wa kichwa kuwa "dalili za lehemu", anabuni. Na mtu akinywa soya yake kwa mwezi mzima kisha akasema "najisikia mwepesi", hajatuambia lolote kuhusu LDL yake. Kipimo cha damu pekee ndicho kiwezacho kusema. Sasa mfikirie mzee aliyeandikiwa statini baada ya kupatwa na kiharusi. Vidonge ni vya kila siku, havimpi hisia yoyote ya kupona, na vinagharimu fedha. Siku moja anaambiwa ndani ya basi kwamba unga huu wa asili hufanya kazi ileile bila kemikali. Anaacha vidonge. Anajisikia vizuri, kama ambavyo angejisikia kwa vyovyote vile. LDL yake inapanda taratibu hadi pale ilipokuwa, wala hakuna kitu mwilini mwake kitakachompigia kengele. Neno "asili" ndilo lililomponza, ilhali statini za mwanzo nazo zilitokana na kuvu, kiumbe wa asili vilevile, katika utafiti wa Mjapani Akira Endo miaka ya 1970.

Hapa pana suala la uraia, wala si la jikoni tu. Nchini Uganda, sheria ya mwaka 1993 iliunda mamlaka ya taifa ya kusimamia dawa, pamoja na matangazo yake. Mtu anayeuza unga kama chakula yuko upande wa chakula. Pale anaposema kwamba unga wake hutibu ugonjwa, amevuka mpaka, na anapaswa kuulizwa maswali anayoulizwa muuza dawa: kipimo gani, kwa nani, kwa ushahidi upi. Sipendekezi mchuuzi akamatwe. Wengi wao huyarudia tu maneno waliyoandikiwa juu ya pakiti, na ni kwa mwenye pakiti hiyo ambapo maswali yangepaswa kuanzia. Lakini wewe abiria una kinywa, na Kiswahili unacho. "Kwa kiasi gani?" ni swali fupi. "Badala ya nini?" ni fupi vilevile.

Usije ukanielewa kuwa naipinga soya. Chuo Kikuu cha Makerere kimetumia miaka mingi kuzalisha mbegu zinazoitwa Maksoy, ya kwanza ikitolewa mwaka 2004 baada ya ugonjwa wa kutu kuyaathiri mashamba, na ningependa kuona mazao hayo katika uji wa kila shule ya bweni. Kijana anayekua kwa posho na maharagwe ananufaika na protini ya soya leo hii, bila kusubiri moyo wake uzeeke. Iivishwe tu vizuri, kwa kuwa soya mbichi ina viambata vinavyozuia usagaji wa protini, na moto ndio unaoviharibu. Na iwapo nyumbani kwenu yupo babu au nyanya anayetumia vidonge vya lehemu, mpe uji wake wa soya pamoja na vidonge vyake. Akitaka kuviacha, azungumze kwanza na daktari aliyemwandikia.

Kuhusu pakiti, maandishi ambayo mimi ningeyakubali ni haya: unga wa soya, protini gramu 36 kwa kila gramu 100, chemsha mpaka uive, ukiutumia mahali pa nyama yenye mafuta mengi, huenda ukashusha lehemu yako kidogo.